Farasi Aliyeogopa Bahari

Maji ya bahari yakipwa, mvuvi wa uduvi huteremka ufukoni juu ya farasi mkubwa wa kukokota, koti lake la manjano limekaukiwa na chumvi, akigombana na mnyama njia nzima. Leo kampanda farasi jike mchanga asiyewahi kuvuta wavu wa uduvi majini. Wimbi la kwanza likamgusa farasi magoti, akagoma.

“Mchape, jirani, maji yatarudi,” akasema Godelieve, ambaye humchemshia uduvi pale mchangani.

“Kamchape mumeo.”

Mvuvi akashuka, akasimama mbele ya farasi, mgongo kaipa bahari, mawimbi yampige yeye kwanza. Farasi akamnusa kofia. Akapiga hatua, kisha akampita, na kamba za wavu aliofungiwa nyuma zikakaza.

“Ningoje basi, mjinga wewe!”

Godelieve akawasha moto chini ya sufuria.