Taa ya Kijani ya Bi Tone

Shangazi yangu ni fundi wa maabara, na kazini wanamwita Bi Tone, maana nusu ya maisha yake imepita akidondosha matone. Ukimkuta nyumbani anakatakata vitunguu huku midomo inachezacheza, usimsemeshe: anahesabu sekunde. Mimi nilimsemesha mara moja, nikajuta.

Kazi yake ni kutengeneza taa nyembamba kuliko unywele. Anachukua kioo kidogo kama ukucha wa kidole gumba, anakiweka kwenye mashine inayozunguka kama pia, anadondosha maji yenye kemikali iitwayo perovskaiti, na maji hayo yanakauka kuwa utando wa fuwele ndogo ndogo. Umeme ukipita, utando unawaka kijani. Shida ni kwamba fuwele hizo zina mianya, na umeme mwingi unapotelea humo, unageuka joto badala ya mwanga. Kwa hiyo shangazi anachanganya dawa ya kuziba mianya. Dawa hiyo imemlia miaka sita.

Zamani hakuwa na haraka. Haraka ililetwa na bibi, mama yake. Macho ya bibi yalikuwa yanafifia, na daktari alisema mwaka hautaisha kabla hayajazimika kabisa. Siku moja bibi akamwambia, "Mwanangu, kila siku taa, taa. Mimi nitaiona lini?"

Tangu hapo shangazi akawa anatembea kama mtu aliye usingizini. Aliniambia anaota yumo ndani ya utando, anapita katikati ya fuwele kama anayepita uchochoroni, anaziba nyufa kwa kidole, na nyuma yake madirisha yanawaka kijani, moja baada ya jingine. Akiamka, anakimbilia kazini. Na kwa pupa hiyo akakosea: akazidisha dawa. Kumbe ikizidi inazifunika fuwele zenyewe, umeme unakwama. Miezi miwili taa zikatoka hafifu, hata mimi mwenye macho mazima nilizitafuta.

Nikamwambia, "Shangazi, mbona chumvi unaijulia kipimo?"

Alininunia siku tatu. Siku ya nne akapunguza dawa hadi robo, na taa ikawaka mpaka glavu zake zikaonekana za kijani.

Jumatatu asubuhi tukampeleka bibi maabara. Tukamketisha mbele ya kasha la kioo ilimo taa, maana taa ile ikiguswa na hewa ya nje inakufa. Shangazi akaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye kasha, akaanza kutafuta nyaya.

"Naiona!" bibi akasema. "Jamani, mwanangu, kijani kizuri kweli kweli!"

Swichi ilikuwa haijabonyezwa. Shangazi alinitazama, machozi yanamlengalenga. Akaunganisha nyaya, akabonyeza.

Bibi akasogeza uso taratibu, akielekea palepale taa ilipo, mpaka pua ikagusa kioo. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, na shangazi, kwa mazoea, akawa anahesabu sekunde.

"Ile ya kwanza nilikuwa nakufurahisha tu," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Hii ndiyo naiona."