Miaka Kumi na Mitano ya Niyonkuru

Ukipita Kumsenga asubuhi utamkuta Niyonkuru amekaa barazani peke yake, koti la suti juu ya fulana, anasubiri wa kumsalimia. Watu humsalimia, tena kwa adabu. "Mwakeye," wanasema. Anaitikia, anavuta pumzi aanze mazungumzo, na wao wameshapita. Hawamchukii. Afadhali wangemchukia, maana mtu anayechukiwa husemwa, na anayesemwa bado yumo kijijini.

Hakuwa hivyo zamani. Aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, wakikimbia mauaji ya Burundi, na mgongoni mwa mama mwingine kwenye msafara uleule alikuwamo Ndayikunda. Wakakua kama mapacha. Walilima shamba moja la mihogo, walibatizwa siku moja, karatasi za uraia walizipokea kwenye foleni moja. Mke wa Niyonkuru alipofariki, Ndayikunda alihamia kwake wiki mbili nzima, akawa anapika ugali mbaya na kuzungumza mpaka mfiwa akacheka.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa tatu, jipu lilimwota Niyonkuru ndani ya nyonga. Mvua ilikuwa imechukua daraja na pikipiki hazipiti. Wanaume sita wakampakia kwenye machela, miti miwili na mkeka, Ndayikunda mbele, wakambeba kwa muda wa saa tano kwenye matope hadi penye gari la kumpeleka Kabanga hospitalini. Daktari hakumficha. Alimwambia sumu imeshaingia kwenye damu. Watampasua, lakini kama ana la kuwaambia watu wake, aliseme.

Niyonkuru akageukia ukutani, kama mfalme Hezekia kwenye Biblia alipoambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake, akalia kwa uchungu. Akaomba kile alichopewa Hezekia: miaka kumi na mitano. Akapasuliwa. Siku ya tatu homa ikashuka, na mwezi uliofuata akarudi Kumsenga kwa miguu yake. Mungu alimsikia, hilo hakuna anayembishia.

Sasa, Kumsenga kuna desturi. Aliyebebwa akipona huwaita waliombeba. Anapika, anakoroga togwa, na kabla ya kula anashika jagi la maji kwa mkono wake, anawanawisha mmoja mmoja huku akimtaja kila mtu kwa jina. Mzee humnawisha kijana. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe aliwahi kumnawisha Ininahazwe, fundi baiskeli, mmoja wa wale sita, na wala hakupungukiwa kitu.

Lakini Niyonkuru alikuwa ameshaanza kuitwa makanisani kutoa ushuhuda. Leo Kibondo, kesho Nyakitonto, anapewa kiti cha mbele na soda. Kichwa kikavimba. Ndayikunda alipomkumbusha habari ya kuwaita wenzake, jamaa akamkunjia uso. "Mungu mwenyewe kanigusa, halafu mimi niende kumnawisha Ininahazwe? Huko ni kuwapa watu utukufu wa Mungu." Loo! Ndayikunda akaenda zake.

Hapo bado mambo yangepona. Kilichoharibu ni wale wageni kutoka mjini waliokuja na kamera. Niyonkuru akawaonyesha kila kitu: kovu, karatasi za hospitali, mbuzi, bati jipya. Wakamuuliza nani alimsaidia siku ile. Akainua mkono juu. "Hakuna mwanadamu. Wote walinikimbia. Tulibaki mimi na Mungu wangu." Wiki haikuisha, video ikawa kwenye simu ya kila mtu Kumsenga. Wanaume sita waliokuwa na makovu ya ile miti mabegani waliitazama kwenye kibanda cha Ininahazwe, wakairudia mara mbili, na hakuna aliyetukana. Tangu siku hiyo wakamwita Mfalme, na hawakukanyaga tena uani kwake.

Mwaka huu mvua ikabomoa daraja tena, na Ndayikunda akaanguka shambani, upande mmoja umekufa, ulimi umekufa. Filimbi ya kuwaita wabeba machela ikalia. Niyonkuru akatoka mbio, akashika mti wa mbele.

"Pumzika, Mfalme," Ininahazwe akamwambia, akamwondoa mkono taratibu. "Wewe hukubebwa na watu. Watu utawabebaje?"

Akawafuata nyuma njia nzima, saa tano za kutembea, ameshika viatu vya rafiki yake. Hospitalini akageukia ukutani tena. "Mungu wangu, nipunguzie. Toa mitano kwenye yangu umpe huyu, au toa yote." Aliomba kuliko alivyojiombea mwenyewe. Ndayikunda alifariki siku ya pili, hajasema neno.

Matanga yalipokwisha, Niyonkuru alikwenda kwa Theodosia, mjane wa marehemu, akapiga magoti mlangoni.

"Shemeji, nilikosa."

"Ulikosa," Theodosia akasema. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Na mwenzio alikusubiri. Kila ukichinja mbuzi aliniuliza kama umetuma mtu kumwita. Wale wenzake waligoma kukusalimia, yeye akawaambia msalimieni, atakuja tu. Miaka minne, shemeji. Atakuja tu, atakuja tu."

Niyonkuru akalia pale mlangoni, mwanamume mzima, na Theodosia akamwacha alie. Kisha akamwambia, "Waliobaki ni watano. Waite. Mimi usiniite."

Akawapitia wote watano, nyumba kwa nyumba, akawaalika Jumapili baada ya ibada. Hakuna aliyekataa. Jumapili akachinja mbuzi, akasonga ugali wa muhogo, akakoroga togwa ndoo nzima, akapanga mikeka. Saa nane hakuna mtu. Saa tisa akafunika sufuria. Saa kumi kasoro Ininahazwe akaingia uani peke yake, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono bila salamu.

Niyonkuru akachukua jagi, akainama, akammwagia maji. "Ininahazwe," akasema. Akasema tena, "Ininahazwe." Halafu akataja na jina la mbebaji wa sita, Ndayikunda, aliyekwisha kuzikwa, akimimina maji chini kwa sababu hapakuwa na mikono.

Wakala.

"Na wenzio?" Niyonkuru akauliza mwishoni.

"Wamesema wanalima."

"Leo Jumapili?"

"Ndiyo," Ininahazwe akasema. "Leo Jumapili."

Niyonkuru akatikisa kichwa polepole, akamsogezea sahani ya nyama ya wale wengine.