Mahali Pascal Hakupaka Rangi

Siku yangu ya kwanza ku atelye ya reli, ile karakana ya treni, hapa Lubumbashi, habakunipatia burashi. Balinipatia papiye, karatasi ya kusugulia, na mulango moja wa vago, gari ya treni, banasema: sugua. Nilisugua siku tatu. Siku ya ine kontrometre, mukubwa wa sisi bote ba-petre, bapaka-rangi, akakuya, akapitisha mukono ku ile mulango, akauliza: «Nani alikuambia umemaliza?»

«Hakuna, shefu.»

«Basi sugua.»

Vijana ba leo munaweza kucheka. Mi siku ile nililia.

Kazi ilikuwa na mpango wake, na haikuvunjwa. Kwanza unasugua mpaka chuma inaonekana. Kisha miniyumu, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kisha mastiki ya kuziba matundu, unasugua tena. Rangi yenyewe ilikuwa ya mwisho, mara mbili, na pistole ya kupulizia rangi kama kompresere, mashini ya upepo, inatembea, na burashi kama imeharibika, na ilikuwa inaharibika sana. Kontrometre alikuwa na neno moja: «Chuma yenye haina rangi, iko chuma ya kufa.» Alikuwa anainama chini ya vago na kioo kidogo, anatafuta mahali tulisahau. Akipapata, eh mama! Utasikia jina lako mpaka ku gare, kule treni zinasimama.

Kisha balinituma ku depo ya treni ya Kamina. Nilitumika kule miaka kenda, nikarudi Lubumbashi, na mimi nikakuwa shefu wa ba-petre. Nikanunua kioo yangu.

Ile kioo niliileta mpaka ku nyumba, Kamalondo. Mutoto wangu Pascal, alikuwa na miaka kumi na sita, alipaka rangi mulango wa chuma wa parseli yetu, ule wa kuingilia kiwanja, peke yake, bila kutumwa. Nikaweka kioo nyuma ya sharniere, ile chuma yenye kugeuza mulango. Hakuna rangi. Wageni balikuwa pale, lakini nikasema mbele yao: «Weye, hauwezi kumaliza kintu.» Nikabeba burashi, nikamaliza mi mwenyewe. Pascal hakujibu. Hakuomba kazi ku reli hata siku moja. Alienda kupiga gitare mu bare za pombe za Kamalondo, na sasa iko miaka ine tulimuzika. Ile mulango nayo inakwama na kulia, lazima kuisukuma na bega. Mi nasemaka ni mvua.

Sasa gitare. Iko gitare ya umeme ya bei ya chini, ilitoka Uchina, ilikuwa ya Pascal. Binti yake Solange, mujukulu wangu, aliikuta nyuma ya kabati, rangi nyeusi inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Akaniletea mi kambo yake, ni kusema babu.

«Kambo, unipakie hii rangi. Siku ya Mungu njo mara yangu ya kwanza kupiga mu korale ya kanisa. Mwenye kuongoza alisema kama gitare haiko tayari, nafasi atapatia mwingine. Na mi nataka kupiga ya papa, hapana ingine.»

«Mi nilipaka malokomotive, vichwa vya treni,» nikamuambia. «Haka kambao njo katanishinda?»

Nilifungua visi zote, ile misumari ya kuzungusha, nikaondoa nyuzi, shingo, na shevale, ile chuma yenye nyuzi zinaegamia. Nikakaa ku baraza, nikaanza kusugua. Chini ya nyeusi nikakuta kijani ya reli. Bon, makopo ya mwisho balikuwa banatuachia, nilikuwa naleta ku nyumba. Chini ya kijani, Mungu wangu, miniyumu! Miniyumu ku mbao! Tangu lini mbao inaota kutu? Nilibaki na papiye mu mukono, bila kuelewa. Nani alimufundisha? Mi hapana. Pascal hakukanyaga mu atelye yetu. Na hapa alifuata mpango wote, hatua kwa hatua, hata ile yenye haina maana.

Shevale nayo alikuwa ameipaka, na muzuri, niseme kweli. Chini yake tu, mahali waya moja kidogo inatoka mu mbao na kuigusa, aliacha chuma wazi, ukubwa wa ukucha. Nikatikisa kichwa. Nikasema kwa sauti, pale peke yangu: «Ah, Pascal! Hauwezi kumaliza kintu.» Nikamaliza. Miniyumu, kisha ile nyekundu Solange alichagua, mara mbili. Hata ncha ya waya niliipitishia burashi.

Siku ya tano ya juma, Ijumaa, rangi ilikuwa imekauka. Solange akafunga nyuzi, akaunganisha ku ampli, ile sanduku ya kukuza sauti. Nzzzzzz! Unaweza kusema nyuki mu bidon ya mafuta. Akipiga, nyuki zinaimba naye. Akiacha, zenyewe zinaendelea.

«Kambo, umefanya nini?»

«Nimepaka rangi.»

«Mbele uipake rangi, haikukuwa inalia hivi.»

Nikafungua tena. Waya zote zilishika, visi zote zilikuwa pale. Nikafunga. Nzzzzzz. Rangi ni kitu ya macho, sauti ni ya masikio, sasa hizi mbili zilikutana wapi? Nilifanya kila kitu sawa vile kazi inaomba, na kitu ikaharibika. Solange hakulia, hakunilaumu. Alinyamaza tu, macho chini. Ile kunyamaza niliijua, na iliniogopesha kuliko kelele ya ampli.

Asubuhi ya posho, kesho yake siku ya Mungu, nilikuwa nimeshika shevale, naigeuza, naigeuza. Kidole gumba ikapita pale mahali ilikuwa wazi. Njo Kamina ikanirudilia.

Kule nilipaka lokomotive moja mpaka shefu wa depo akajitazama ndani yake. Balipoiwasha, taa ya mbele ikakataa. Fundi wa umeme akalala chini yake, akatoa kisu, akakwangua rangi yangu mahali waya inafungiwa ku chuma. Taa ikawaka. Akaniambia mbele ya bote: «Petre, umeme hauone rangi yako muzuri. Unatafuta chuma. Uachie mahali.» Balicheka mpaka jua kuzama. Ile aibu sikumbuke kama nilimusimulia muntu. Labda siku moja, tunakula bukari, ugali yetu, na mutoto anasikiliza. Labda hapana. Nafikiria, nafikiria, sipate.

Nikabeba kisu. Nikakwangua ukubwa wa ukucha, na ncha ya waya pia. Solange akaunganisha. Kimya. Akapiga, na gitare ikaimba peke yake, bila nyuki.

«Kambo!» Akanishika shingo. Nilifurahi, na nilisikia haya, vyote pamoja.

Siku ya Mungu alipiga mu misa, na mi nilikuwa nimekaa ku banki, ile kiti murefu ya mbele. Misa ilipoisha nikamuacha na benzake ba korale, nikarudi ku nyumba mbele yake. Sasa niko mu pansion, kazi ya reli iliisha, vijana bananiuliza siri ya kazi, na sijue tena nibaambie nini. Kuuliza haiko ujinga, banasema. Mi miaka yote nilitafuta na kioo mahali pasipo rangi, na hata siku moja sikuuliza: juu ya nini pako wazi?

Nikaenda ku mulango na kisu. Nyuma ya sharniere rangi yangu ilikuwa nene, imeshika chuma ku chuma. Nikaikwangua yote, nikatia mafuta. Kama Pascal aliacha pale kwa akili, ao alisahau tu, sijue. Hakuna tena wa kuuliza.

Solange akafika, gitare mu mugongo, akasukuma na bega sawa vile kila siku, na nusura aanguke mu parseli.

«Kambo! Mulango umeifanya nini?»

Nikamuonyesha kisu.

«Papa yako alikuwa ameimaliza,» nikasema. «Ni mimi niliongeza.»