Siku Nilipodharau Vishale

Nacheka nikisimulia haya lakini siku yenyewe sikucheka hata kidogo, na kama ulikuwa kwenye ule ukumbi wa Homa Bay, tafadhali nyamaza, wacha nijiaibishe mwenyewe.

Mimi ni mwalimu hapa Suna, nafundisha hesabu na michezo, na kwenye timu ya kandanda ya walimu wa Migori nacheza winga (wengine husema nabeba jezi tu, ni wivu). Tulipojiandaa kwenda michezo ya walimu Homa Bay nilipewa kazi ya kugawa traksuti, zikapungua tatu, nami bila kuuliza mtu nikaamua wale watatu wa kurusha vishale ndio watakosa. Mtu anasimama pale pale, anarusha kitu kama msumari kwenye ubao, traksuti ya nini?

Nahodha wao, Madam Agneta, mama mnene, mpole, wa miaka hamsini na kitu, aliniuliza mbele ya walimu wote, "Kwani sisi si wanamichezo, Mwalimu?"

"Madam, nyinyi mnacheza tu. Mwanamichezo ni yule anayekimbia."

Watu wakacheka. Yeye akachukua mkoba wake akatoka.

Basi tukafika Homa Bay. Sisi wanaokimbia tulifungwa tano bila, na mimi nilitolewa kabla ya mapumziko nikihema kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Mchana nikasikia mmoja wa wale wa vishale ameshikwa na tumbo, na bila mtu wa tatu timu inatolewa fainali. Nikainua mkono. "Hii ni ya dakika mbili," nikasema kwa sauti, ili nisikike.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madam Agneta akaninong'oneza, "Nyathina, mtoto wangu, polepole. Tumia kiwiko, usitumie bega." Nani anaambiwa? Nikarudi hatua mbili, nikaja mbio, nikarusha kama mkuki. Bega likalia ko! Kishale kikapita juu ya ubao, kikagonga ukuta, kikarudi kikaruka mpaka kwenye meza kuu na kudunga keki ya mgeni wa heshima, ambaye ndio kwanza alikuwa ameinua uma.

Halafu sauti huko nyuma: "Yawa! Huyu amekuja kuwinda!"

Cha pili kilidunga sakafu karibu na kiatu cha mwandika alama, akapanda juu ya kiti na hakushuka tena. Cha tatu kiliniponyoka tu, bega lilikuwa limekufa. Sifuri, na watu wanafuta machozi kwa kucheka.

Nikaketi nimeshika bega, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikamtazama mtu akirusha vishale. Madam Agneta alikuwa amesimama tangu asubuhi, hiyo ilikuwa mechi yake ya nne, blauzi imelowa mgongoni kwa jasho, na ukumbi mzima unamzomea kwa sababu yangu. Wala hakugeuka. Miguu ilishika sakafu, pumzi ikatulia, mkono ukaenda vilevile, tena vilevile, tena vilevile, akawa anafukia shimo nililochimba mimi. Mwenzake, Otieno, akaniambia, "Omera, ndugu yangu, huyu mama hurusha kila alfajiri kabla ya shule, mpaka mkono ufe ganzi. Mwaka wa kumi na tano huu." Mwishowe tukabakisha kishale kimoja, na ili tushinde lazima kiingie kwenye ukanda mwembamba wa pembeni mwa ubao, upana wake kama kidole. Sisi wote tuliacha kupumua. Yeye hakuacha. Kikaingia.

Watu walewale waliomzomea wakasimama kumpigia makofi. Nilipomwendea kuomba msamaha alinitazama sana, akasema, "Leo umenichekesha. Lakini siku ile uliniumiza, Mwalimu."

Nilisema tu pole, kisha nikasema tena.

Tangu hapo sijamwambia mtu kwamba mchezo wake si mchezo. Hata wale wazee wanaocheza drafti hapa sokoni kwa vifuniko vya soda nawasalimia kwa heshima kabisa, nasimama kuwatazama, na wakinikaribisha niketi nicheze nawaambia asanteni sana, bado nauguza bega.