Pepo wa Shangazi Mwanaidi

Harufu ya mavumba, yale manukato ya pepo, ikinipata puani, hata nikiwa sokoni mchana kweupe, mwili hunisisimka na mikono hutafuta kitu cha kujifunika. Msinicheke. Ninyi hamkulazwa mkekani kilingeni, mmegubikwa kaniki kichwa mpaka miguu, ngoma ya kupunga pepo inapigwa karibu na sikio.

Ilikuwa zama za Mwingereza, kisiwani kwetu huku kwenye mikoko ya Rufiji. Shangazi Mwanaidi, mdogo wake baba, alikuwa ameposwa na kijana wa Bungu. Alikuwa pia mtu wa chama cha kudai uhuru, akipita nyumba hadi nyumba na mikeka ya kuuza kichwani, akiandikisha wanachama bila malipo ya mtu yeyote. Hilo sikulijua. Mikutano ya chama ilikuwa imekatazwa, lakini ngoma ya pepo nani angethubutu kuiingilia? Basi akina mama walikutana kilingeni alasiri, na mgonjwa wao ni mimi. Mwaka ule niliugua bila kuugua! Nikipiga chafya tu, Shangazi huyo: "Mtoto ana pepo, leteni ngoma." Nami niliamini, nikawa nalegea kwelikweli.

Chini ya kaniki nilisikia mengi. Ngoma ilivuma, kisha ikashushwa, na sauti ya Shangazi ikanong'ona: nani amejiunga kule Ruaruke, nani atavusha wageni, Mwingereza lazima aondoke. Mimi nilidhani huyo Mwingereza amo kichwani mwangu, ndiye anayetolewa.

Siku moja ngoma ikakatika ghafla. Nikachungulia. Mlangoni alisimama askari Salehe, kijana wa Mchukwi, buti zimejaa tope.

"Nani anahutubia humu?" akauliza.

Bi Tatu, mpiga ngoma, aliikumbatia ngoma yake. Kwa nyuso zao nilijua Shangazi anakwenda kufungwa, na pengine mama yangu pia.

Shangazi alinyanyua kichwa, macho yakageuka meupe, kisha ikatoka sauti isiyo yake, sauti ya kikongwe mwenye kikohozi.

"Salehe mwanangu. Nilikuita mpaka koo likakauka. Wamenizika hujafika."

Askari akavua kofia. "Mama?"

"Nimekusamehe, baba. Nenda zako, waache wanawake hawa na mgonjwa wao."

Salehe alipiga magoti, akalia kwa kwikwi, kisha akatoka kinyumenyume. Wallahi nywele zilinisimama. Kilinge kizima hakuna aliyethubutu kumtazama Shangazi usoni.

Hakufungwa mtu. Chama kikakua kisiwani, lakini habari za sauti ile zilifika Bungu upesi, na posa ikavunjika. Nani aoe mwanamke ambaye wafu husema kwa kinywa chake? Uhuru ulipopatikana, wanaume walikaa viti vya mbele uwanjani. Shangazi alisimama peke yake, watu wamemkwepa pande zote. Hata mimi, akinipakulia chakula, nilikula huku nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Akazeeka hivyo hivyo, hana mume wala mtoto.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima, na waoshaji tulikuwa wawili tu, mimi na Bi Tatu. Wengine waliogopa kumgusa.

"Shangazi yako hajapata kupandwa na pepo hata siku moja," Bi Tatu akaniambia. "Yule mama yake Salehe, kule Mchukwi, shangazi yako ndiye aliyemuuguza. Alikijua kikohozi chake."

Nilishikwa na hasira. "Sasa mbona hakusema, na uhuru tumeshapata? Umri wote ule anaogopwa!"

Bi Tatu alimimina maji taratibu. "Tulimsihi sana. Akasema, 'Mama yake Salehe alikufa hajamsamehe mwanawe. Nikifungua mdomo, yule kijana atabaki na nini?'"

Nililia pale pale, mikono imelowa. Miaka yote nilimwogopa Shangazi kwa sababu ya wafu, kumbe alikuwa anamhurumia aliye hai, tena yule aliyekuja kumkamata.

Jeneza lilipotoka, Mzee Salehe alikuwa wa kwanza kulishika. Machozi yalikuwa yanamchuruzika ndevuni.

"Mama yangu alisema nami kwa kinywa cha huyu," akaniambia.

"Ndiyo, mzee wangu," nikamjibu. "Nilikuwepo. Nilimsikia."