Koili Tatu na Ndoo Kubwa Moja

Nawaambia hili mapema, maana mtalisikia tu, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa binamu zangu wanaotia chumvi (ingawa hapa chumvi haihitajiki): mimi ndiye niliyewalaza watu chini barabarani siku ya harusi ya shangazi yangu Keji.

Nilikuwa nimerudi Juba kutoka shuleni Eldoret, wiki tatu tu, na tayari nimemwambia Anko Lado kwamba Kiarabu cha Juba nimeshakishika. Uongo. Nilijua kusalimia na kuagiza chai. Anko, ambaye naye alikulia ukimbizini na Kiarabu kinampiga chenga, akaamini, akanipa kazi mbili: kuosha gari lake kila Jumamosi, na kuongea na fundi Wani mchana yeye akiwa kazini, kwa sababu gari lile lilikuwa linaua koili za plagi, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme. Koili hukaa miaka, sisi ndani ya wiki tatu tulikuwa tumezika moja na ya pili inakata roho.

Wani alikuja, akawasha injini, akawa anachomoa waya wa koili moja baada ya nyingine huku ametega sikio. Akichomoa wa koili nzima injini inayumba, akichomoa wa iliyokufa injini haijali, kama mimi kwenye somo la hesabu. Alipoipata akaing'oa, akaichungulia, akanyooshea kidole ndoo yangu ya kuoshea gari, kisha injini, akasema polepole kama anayemfundisha mbuzi: "Mata kubu moya."

Sikio langu la Eldoret lilisikia "kubwa moja". Ndoo kubwa moja! Nikaitikia kwa kichwa kama msomi (na kujilaumu, maana siku zote injini niliimwagia ndoo ndogo). Jioni nikamwambia Anko koili imebadilishwa, mambo sawa. Akanung'unika kwamba huyu Wani lazima anatufungia koili zilizochoka, nami, kwa kuwa mdomo wangu haujui likizo, nikaongeza kwamba hata macho yake ni ya mwizi.

Jumamosi ya harusi nikaimwagia injini ndoo kubwa moja, na povu la sabuni juu, ikang'aa kuliko bibi harusi. Tukatoka Gurei kwenda kanisani Kator, Keji kiti cha nyuma, wasimamizi wakitufuata kwa boda. Kufika Atlabara gari likaanza kukohoa, likatetemeka, halafu ekzosi ikasema pa! pa-pa!

Miaka ile ya risasi hakuna aliyengoja kuuliza ni nini. Mama muuza nyanya chini, watu wa boda chini, wasimamizi wa harusi mtaroni na nguo zao za zambarau, Keji chini ya kiti na shela lake, mimi chini ya Anko. Walipogundua ni gari letu, wakainuka wakijipangusa vumbi, na waliyotuambia siyaandiki.

Gari likazima kabisa. Wani akapigiwa simu, akaja kwa boda, na Anko akamwita mwizi mbele ya barabara nzima. Mzee wa watu akakunja mikono ya shati. Akafungua boneti, akang'oa koili, akaiinamisha. Povu likadondoka. Akalinusa, akanitazama, akarudia maneno yake yale yale.

Mama wa nyanya, ambaye alikuwa mkimbizi Uganda na Kiswahili anakijua, akamwambia Anko na vumbi bado shavuni, "Mzee, anasema alimkataza huyu kijana kumwaga maji. Moya ni maji."

"Wewe ulisikia nini?" Anko akaniuliza.

"Moja," nikasema.

Barabara nzima ikacheka isipokuwa Keji, aliyetaka kujua kama padre bado anasubiri. Gari pekee lililokubali kusimama lilikuwa lori la kuuza maji, akapanda mbele, na alipoteremka pale kanisani akina mama wa jirani walikuwa wameshapanga foleni na madumu yao.

Anko alimwomba Wani radhi palepale barabarani. Mimi niliomba yangu kwenye sherehe, kwa Kiarabu cha Juba, mbele ya wageni wote, Wani akinisahihisha kila neno bila haraka. Tangu siku ile nikiulizwa kama nimeelewa, nasema hapana. Hata nikiwa nimeelewa.