"Simama" ya Mzee Arthur

Mwanangu, iko siku moja ya baridi kali ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa niliianza kwa kujiaibisha. Tulikuwa tumehamia Harrow, Uingereza, kutoka Kisumu, hata mwaka hatujamaliza. Mtaa mzima aliyetubishia hodi alikuwa mmoja tu, jirani yetu Mzee Arthur, Mwingereza, aliyetuletea keki na kutukaribisha. Mama alikuwa akisema, huyu tukimpoteza tumebaki na kuta.

Basi asubuhi ile natoka mlango wa nyuma na beseni la nguo, nikasikia ng'ambo ya ua, "Simama! Simama!" Kwa Kiswahili! Damu ikanichemka. Kwetu nilikuwa nimewasikia mabwana wa Kizungu wakiwaamuru watumishi kwa neno hilohilo. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule, "Sisi si maboi wako," kisha nikapiga hatua ya maringo. Kumbe ngazi imeganda barafu. Niliteremka kwa makalio mpaka chini, na beseni likanitangulia.

Mzee alikuja kuninyooshea mkono, nikaukataa. Akarudi kwake. Baba alikuwa dirishani, amesikia yote.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akaniambia. "Wewe umejikwaa vyote viwili. Twende ukamwombe radhi."

Nilikwenda nikijua kwamba nimemfukuza rafiki pekee wa wazazi wangu. Lakini alitufungulia, akatupatia chai, na baba akamuuliza Kiswahili amekipata wapi.

Wakati wa vita, alituambia, alikuwa baharia, kazi yake kuendesha boti za kuwashusha askari ufukweni huku manowari zikiwalinda kwa mizinga. Siku moja akapakia askari wa kwetu, Afrika Mashariki, na sajenti wao akamfundisha neno la kuwazuia. Boti ikakwama kwenye fungu la mchanga, mbele maji bado ya shingo, na vijana wanataka kuruka na mizigo yao. Akapiga kelele, "Simama!" Yeye alitaka wangoje. Wao wakainuka wote kwa pamoja, wamenyooka kama wako kwenye gwaride. Boti ikalala upande, na aliyetumbukia baharini ni yeye.

"Walinivuta kwa mkanda huku wanacheka, na risasi zinalia," alisema. "Wote tulifika mchangani wazima. Tangu hapo, nikimwona mtu yu hatarini, neno linalonitoka ni hilo. Nawe, binti, rangi yako na ile ngazi vilinikumbusha wale."

"Nisamehe, mzee," nikasema, nikilia na kucheka.

Baba alicheka mpaka akafuta macho. "Ungewaambia, ngojeni," akamfundisha. Mzee Arthur alilirudia neno hilo vibaya kwa miaka mingi, hata siku ya harusi yangu, mbele ya wageni wote.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Neno likikuchoma, uliza kwanza mwenye kulisema amelitoa wapi, kisha ndipo ukasirike, kama hasira bado ipo. Sisi tuliotoka mbali tuna majeraha ya kweli, sikatai. Lakini usimlipe wa leo deni la wale wa jana. Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito, akujazie vicheko nyumbani mwako, na kila atakayebisha hodi akukute una moyo wa kumfungulia.